Kulika na Kuliwa

Ukipita karibu na stendi ya matatu mjini Eldoret utawakuta mafundi viatu wameketi kwenye vigoda, sindano na uzi mkononi, viatu vya watu vimepangwa mbele yao. Mteja akivua kiatu na kumkabidhi fundi, fundi hatazami ngozi kwanza. Hukigeuza, akatazama chini. "Soli imelika," husema, "na kisigino kimelika upande." Kwa fundi mzoefu upande huo unaeleza mengi: nani hukanyaga kwa nje, nani huburuta mguu wa kushoto, nani hushinda amesimama kutwa nzima. Kila mwendo una namna yake ya kula kiatu.

Neno hilo nimelisikia tangu utotoni. Jikoni lilikuwa la kisu kilichonolewa mpaka bapa lake likawa jembamba. Shambani lilikuwa la jembe lililobaki nusu ya urefu lililonunuliwa nao. Kwenye majengo ya zamani lilikuwa la ngazi zilizobonyea katikati, pale ambapo kila mtu hukanyaga. Wazee walilitumia kwa meno yao na magoti yao. Ni neno la kila siku, na labda kwa sababu hiyo hatulisikilizi tunapolitamka. Kadiri ninavyolisikiliza ndivyo ninavyoamini kwamba limebeba swali ambalo sisi wa nyanda hizi za juu tumelikwepa kwa muda mrefu: kitu kikiwa kimelika, ni nani aliyekula?

Mzizi wake ni ule ule wa kula. Kitenzi hicho ni miongoni mwa urithi mkongwe kabisa wa lugha za Kibantu. Mkikuyu husema kũrĩa, Muganda okulya, Mzulu ukudla, na kila mmoja wao akimsikia mwenzake hahitaji mkalimani kujua kwamba chakula kimetajwa. Kiswahili kimekinyumbua kitenzi hiki pande zote. Tunalisha mifugo na wageni. Mkono wa kulia ni mkono ambao watu hulia chakula. Halafu kula kukatoka mezani kukaingia katika maisha yote: watu hula kiapo, hula njama, hula hasara, mzee aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi, na katika siasa za Kenya, anayekula bila maelezo mengine anajulikana amekula nini, na ya nani.

Katika ukoo huo mkubwa, kulika ni mtoto mwenye nyuso mbili. Uyoga huu unalika, yaani mtu aweza kuula bila kudhurika. Jembe hili limelika, yaani limepungua kwa kutumiwa. Uso wa kwanza unasema juu ya kinachoweza kuliwa, wa pili juu ya kilichokwisha kupungua, na kati ya nyuso hizo mbili pana wazo moja: kwamba kupungua polepole ni kuingia kinywani mwa kitu kingine.

Waswahili hawakuwa peke yao katika wazo hilo. Waarabu, wakitaka kueleza jinsi kutu inavyomaliza chuma au bahari inavyomaliza ufuo, husema taakul, neno lililotokana na akala, kula. Warumi walikuwa na kitenzi rodere, kuguguna, na kutoka hapo wataalamu wa Ulaya wakapata jina la kazi ambayo mvua na mito huifanya juu ya ardhi. Lugha hizi tatu ni za koo tatu tofauti. Kila moja iliitazama dunia ikipungua, na kila moja ikaona meno.

Tuna maneno mengine ya jambo hili, na kila moja lina zamu yake. Nguo huchakaa. Rangi hukwajuka. Ukuta wa udongo humomonyoka, na neno lenyewe linaanguka vipande vipande mdomoni. Kutokana nalo walimu wa jiografia walitupa mmomonyoko wa udongo. Lakini kuchakaa, kukwajuka na kumomonyoka hueleza tu jinsi kitu kinavyoonekana baada ya kupungua. Kulika hueleza uhusiano. Kinachopungua na kinachonufaika vimo ndani ya neno moja.

Hata hivyo neno hili lina mlango wa siri. Kitenzi kula kina kauli ya kutendwa, kuliwa, na kauli ya kutendeka, kulika. Katika kauli ya kwanza pana nafasi ya mtenda: mahindi yameliwa na nguruwe, fedha zimeliwa na fulani. Katika kauli ya pili nafasi hiyo imezibwa. Jembe limelika, basi. Sentensi imekamilika na hakuna anayeulizwa. Kila nyumba ya Waswahili inaijua sarufi hii, maana ndiyo sarufi ya mtoto anayesimama kando ya vigae akamwambia mama yake kwamba kikombe kimevunjika. Hajasema uongo. Amechagua kauli.

Nimeanza kuutazama mji wangu na nchi yangu kwa kauli hizi mbili.

Eldoret ina jina la mawe. Mto unaoupasua mji, ambao leo tunauita Sosiani, Wamaasai waliujua kwa neno eldore, mto wenye mawe, na wasemaji wa Kinandi wakaongeza t mwishoni kama ilivyo desturi ya majina katika lugha yao. Mawe hayo ni ya fonolaiti, lava iliyotapakaa juu ya uwanda huu wa Uasin Gishu zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita na kupoa ikawa sakafu ngumu. Sosiani inashuka kutoka nyanda za Kaptagat, inaipita sakafu hiyo, na kila mwaka inaipunguza kidogo. Jiwe linalobingirishwa na maji hugongana na mwenzake, kona hupotea kwanza, kisha mbavu, mpaka linabaki la mviringo. Hapo neno kulika linakaa vizuri. Sina wa kumuuliza. Mto haukukusudia, na jiwe halikudhulumiwa.

Majina ya mji nayo yamelika kwa namna hiyo. Walowezi walipogawiwa mashamba, sehemu hii ilikuwa ploti namba 64, na posta ilipofunguliwa mwaka 1910 watu wakaendelea kuiita kwa namba hiyo kwa Kiingereza, Sixty-Four. Ndimi za wenyeji zikailainisha ikawa Sisibo, na hata baada ya jina Eldoret kuwa rasmi mwaka 1912 wapo wazee waliosema wanakwenda Sisibo mpaka juzi. Konsonanti ngumu zilipotea kama kona za mawe ya mtoni. Tarehe 15 Agosti 2024 mji ukakabidhiwa hati ya kuwa jiji la tano la Kenya, ukiwa na jina lililopita katika vinywa vya Wamaasai, Wanandi na Waingereza, na kila kinywa kikaliachia alama.

Lakini ukiendelea kuchimba majina, kauli inabadilika mkononi mwako. Katika uwanda huu yapo mashimo mapana yasiyo na kina kirefu, ambayo watu huyaita mashimo ya Wasirikwa. Mwanaakiolojia John Sutton aliyachunguza akaeleza kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya wafugaji walioishi hapa karne nyingi kabla ya ukoloni. Wafugaji hao wamebaki jina tu. Uasin Gishu yenyewe ni jina la tawi la Wamaasai waliotawanywa katika vita vya karne ya 19. Kisha wakaja Wanandi, waliopinga reli na utawala wa Waingereza kwa miaka mingi mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905 katika kile alichoambiwa ni mkutano wa amani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, misafara ya magari ya ng'ombe ya Makaburu kutoka Afrika Kusini ilipanda uwanda huu kuja kugawiwa ardhi.

Vitabu vingi vya shule hueleza historia hiyo kwa kauli ya kutendeka. Wasirikwa walitoweka. Wamaasai walitawanyika. Ardhi ilipatikana. Kila sentensi ni fupi, safi, na haina mtu ndani. Mimi ningependa mtoto wa Eldoret aisome kwa kauli ya kutendwa angalau mara moja: ardhi hii ililiwa, ina waliokula, na ina waliokaa nje ya uzio wakitazama. Akishajua hivyo anaweza kusamehe, anaweza kujenga, anaweza kusonga mbele. Ila awe anasamehe jambo lenye jina.

Methali zetu zinalifahamu jambo hili la polepole kuliko tunavyodhani. Bandu bandu huisha gogo. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Tunazifundisha kama methali za subira na bidii, au za kuonya dhidi ya ubadhirifu, na hiyo ni haki yake. Lakini tazama kinachokosekana. Katika ya kwanza yapo mabandu na lipo gogo. Shoka halimo, wala mwenye shoka. Katika ya pili, ambayo ni methali ya watu wa visima, kamba inapewa sifa yote ya kukata jiwe ilhali kuna mkono uliokuwa ukiivuta asubuhi na jioni kwa sababu nyumba ilihitaji maji. Katika ya tatu kidole hakitajwi kabisa.

Sidhani wahenga walisahau. Naamini walijua kwamba jambo likienda polepole vya kutosha, mtenda hutoweka machoni, naye hujisahau. Bandu moja halina uzito wa dhambi, na kidole kilichochovya mara moja hakijamwibia mtu. Aliyechovya wa mwisho ndiye atakayeshikwa buyu likiwa tupu, ingawa alikula kidogo kuliko wote. Hiyo ndiyo hatari ya kupungua taratibu: lawama haina pa kutua, na kwa kuwa haina pa kutua, hakuna anayeacha.

Nenda sasa shambani. Uasin Gishu ni ghala la Kenya. Mahindi na ngano ya hapa hulisha miji ambayo haijawahi kushika jembe. Wakulima wa huku hutazama mahindi yenye majani ya zambarau na magunzi mafupi, wakasema, "Shamba limechoka." Ni usemi wa huruma, kana kwamba udongo nao ni mfanyakazi. Uchovu huo una sababu zinazoelezeka. Kwa miongo mingi mbolea kuu ya kupandia imekuwa DAP. Amoniamu iliyomo, inapogeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa naitreti, huacha asidi. Msimu mmoja hauonyeshi kitu. Misimu ikifuatana, miaka ikawa miongo, kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu na chuma vilivyomo udongoni huikamata fosforasi na kuinyima mizizi. Mkulima huona mavuno yamepungua, huongeza mfuko mwingine wa mbolea ile ile, na udongo huzidi kuwa mchachu.

Kuna pia sababu ya pili, rahisi zaidi, nayo ndiyo inayonifanya nilishike neno hili kwa mikono miwili. Kila gunia la kilo 90 linalopakiwa kwenye lori kuelekea Nairobi limebeba naitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizotolewa shambani. Gunia likisagwa huwa unga, unga ukisongwa huwa ugali, na ugali huwa mwili wa mtu wa Kayole au Kibera. Hakuna fumbo hapa wala lugha ya picha. Udongo wa Uasin Gishu umeliwa, kwa kijiko na kwa mkono, na walioula wako mbali nao kilomita mia tatu, na taka za mji ni nadra kurudi katika shamba zilikotoka. Tunaposema udongo umelika tumewaondoa mezani walaji wote, pamoja na sisi wenyewe, wakati sahani bado ziko mbele yetu.

Kinachobaki juu hubebwa na mvua. Masika yakianza kabla mahindi hayajafunika ardhi, maji hukimbia kwenye mistari ya plau iliyochorwa kufuata mteremko, na Sosiani hugeuka rangi. Sosiani humwaga maji yake katika Kipkaren, Kipkaren huingia Nzoia, na Nzoia hushuka mpaka Budalang'i kabla ya kukutana na Ziwa Victoria. Watu wa Budalang'i wanaujua udongo wetu kuliko tunavyoujua. Hutua kwenye sakafu ya mto wao, huipandisha, na mto usio na kina hupanda kingo zake na kuingia majumbani. Wameishi miaka mingi wakitegemea matuta ya kuzuia maji, na matuta hayo yamewahi kupasuka usiku watu wakiwa wamelala. Kilicholika Kaptagat kimewafikia wengine kama gharika. Hatua kwa hatua, bila mtu yeyote kunuia ubaya, shamba la mmoja limekuwa mafuriko ya mwingine.

Si kila kilichomalizika hapa kilikuwa udongo. Wazazi wa Eldoret wanakumbuka mji wa viwanda vya nguo. Rivatex ilianzishwa mwaka 1976, ikasokota pamba, ikafuma na kupaka rangi, na mishahara yake ikasomesha watoto katika mitaa mingi ya mji. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Hakuna siku moja unayoweza kuinyooshea kidole. Soko lilifunguliwa ghafla mwanzoni mwa muongo huo, mitumba ikaja kwa marobota, wakulima wa pamba wakakaa bila malipo na wakang'oa pamba, mashine zikazeeka, usimamizi ukalegea. Kila moja lilichukua bandu lake. Sote tuliovaa mitumba, kwa sababu ilikuwa nguo nzuri na bei tuliiweza, tulichukua bandu letu pia, na sisemi hivyo kwa kulaumu familia iliyotaka kuvisha watoto. Nasema ili tukubali kwamba kiwanda kinaweza kuliwa na watu wengi wasio na ubaya, pamoja na wachache wenye ubaya. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya na mashine mpya. Kukirudisha kulihitaji uamuzi, sahihi na fedha za umma. Kukimaliza hakukuhitaji sahihi ya mtu.

Ninalazimika kusema jambo moja zito zaidi, kwa sababu anayeandika juu ya kulika akiwa Eldoret na asilitaje atakuwa amefanya kile kile anachokikataza. Katika mji huu na vijiji vyake, ujirani nao uliwahi kumalizika. Watu walioazimana chumvi, waliozikiana na kuchangiana karo, waliamka siku moja wakiwa maadui. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa wakati huo.

Wengi wetu tulisema, na wengine bado wanasema, kwamba mambo yaliharibika. Kwamba amani ilivunjika. Tazama kauli. Lakini Burnt Forest, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kuelekea Nakuru, ulikuwa umeona nyumba zikichomwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa machafuko yaliyoanzia Meteitei, Nandi, Oktoba 1991. Katikati ya machafuko yale na haya palikuwa na miaka ya maneno madogo: huyu si wa hapa, yule ni mgeni, hawa ni madoadoa yanayopaswa kuondolewa. Yalisemwa kwenye mikutano ya siasa, yakarudiwa kwenye mazishi, yakasikika redioni kwa lugha za mama, na tuliyasikia tukicheka au tukinyamaza. Kila neno lilikuwa bandu. Mwaka 2008 gogo lilikuwa limebaki gamba.

Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza machafuko ya kikabila ya muongo huo, na Tume ya Waki iliyofuata miaka kumi baadaye, zote mbili zilitaja mikono ya wanasiasa na uzembe wa maafisa waliopaswa kulinda raia. Unaweza kuwa na maoni yoyote juu ya yale yaliyofuata ripoti hizo, lakini kazi yenyewe ya tume ilikuwa kazi ya sarufi katika maana yake ya juu kabisa. Jamii ilikuwa imesema amani ilivunjika, nazo zikauliza ilivunjwa na nani. Jamii inayokosa ujasiri wa kubadilisha kauli hiyo hubaki ikiokota vigae kila baada ya uchaguzi.

Je, basi, neno kulika ni neno la waoga? Hapana, nami nisingependa kulipoteza. Yapo mambo yanayostahili kauli isiyo na mtenda. Magoti ya mama aliyelima na kubeba maji kwa miaka sitini yamelika, na kumtafutia mshtakiwa ni kuyadhalilisha maisha aliyoyaishi kwa hiari na upendo. Aliyekula chumvi nyingi naye ameliwa na miaka, na hesabu hiyo ni ya haki, kwa kuwa kila mmoja wetu hukaa pande zote mbili za meza hiyo. Mbele ya uzee, kulika ni neno la rehema. Linatuachia kupungua bila kutafuta adui.

Tena vitu vyenye uhai vina siri ambayo jiwe haina, na hakuna mahali pazuri pa kuiona kuliko barabara za vumbi za Kaptagat na Iten alfajiri, vijana wakikimbia makundi kwa makundi. Mbio zinazorudiwa kila siku hutia mfupa wa mkimbiaji nyufa ndogo zisizoonekana. Mwilini mna seli ambazo kazi yake ni kuula mfupa uliochoka, na seli nyingine zinazofuata nyuma yake zikijenga mpya. Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka kwa njia hiyo. Ndiyo sababu makocha wa huku husisitiza siku ya mbio nyepesi baada ya siku ngumu, na ndiyo sababu mkimbiaji bingwa hulala mchana bila kuona haya. Mfupa huimarika wakati wa kupumzika, kama mbio zimeuomba uimarike. Mbio zikizidi mapumziko, walaji huwatangulia wajenzi, na mfupa huvunjika siku ambayo mkimbiaji hakujikwaa popote.

Kwa hiyo kuliwa si msiba kwa chenyewe. Mfupa usioliwa hauwi mpya. Shamba lisilovunwa halijamlisha mtu. Hata ujirani unatakiwa utumike, uombwe chumvi, uombwe karo, uombwe kuamka usiku wa manane kumpeleka mgonjwa hospitalini. Ujirani usioliwa hivyo ni kufahamiana tu. Uharibifu huja pale ambapo mlaji amesahau kwamba anakula, na kwa kuwa amesahau, harudishi.

Na kurudisha kunajulikana. Kwa udongo ni chokaa ya kilimo pale vipimo vinapoonyesha uchachu, ni samadi na mboji, ni maharagwe yanayobadilishana msimu na mahindi, ni matuta yanayokata mteremko na majani ya nepia kwenye kingo zake, ni miti kwenye vyanzo vya mito. Kwa kiwanda ni sera isiyomwacha mkulima wa pamba bila malipo. Kwa ujirani ni kutajwa kwa kilichotendeka, fidia kwa aliyefukuzwa, na kukataa neno dogo la kwanza likiwa bado dogo, kwenye meza ya chai, mbele ya watu tunaowaheshimu. Kazi hizi zote huenda polepole kama upotevu wenyewe. Hazina uzinduzi wala utepe wa kukata, na mwaka wa kwanza hazionekani, kama ambavyo upotevu wa mwaka wa kwanza haukuonekana. Methali ya kamba na jiwe inafanya kazi kwa upande huu pia.

Ninachoomba kwa wenzangu wa lugha hii ni kidogo. Mtu anapokuambia msitu umelika, hazina ya kaunti imelika, imani ya watu imelika, msikilize mpaka amalize, kisha mrudishie sentensi yake ukiwa umebadilisha herufi moja na kuongeza swali moja: imeliwa na nani? Ikiwa hakuna jibu, kama kwa mawe na magoti ya wazee, muache na kauli yake. Ni ya kweli. Ikiwa jibu lipo, na mara nyingi ndani yake mtakuwa nyote wawili, basi mmeshapata mahali pa kuanzia, kwa sababu deni lenye mdaiwa linaweza kulipwa.